Dumu la Asali Kutoka Mbale

Ugomvi ulikaribia kuingia katika nyumba ya askari polisi mmoja mjini Jinja kwa sababu ya dumu la asali. Mkewe alikuwa amempelekea shemeji yake huko Mbale akiba yake yote, ili amnunulie kilo 28 za asali ya miteremko ya Mlima Elgon, naye apate kuwauzia akina mama wa kambini. Dumu likaja kwa basi kupitia Iganga. Lilikuwa dumu la lita 20, tena halikujaa hadi shingoni. Mama huyo akalitazama, akahesabu, akanuna. Kilo nane zimekwenda wapi? Kwake yeye lita na kilo vilikuwa kitu kimoja, kama yalivyo maji ayatekayo kila siku.

Mume naye, ambaye kazini hamkamati mtu bila ushahidi, alikuwa tayari kumlaani nduguye. Binti yao, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, ndiye aliyesema, "Mama, tumpime baba mdogo kwa mizani kwanza, si kwa macho."

Mizani ya duka la jirani haikuweza kubeba dumu zima, lakini halikuwa na haja ya kubebwa. Binti alipima kopo tupu: gramu 100. Akalijaza maji hadi ukingoni: gramu 600. Maji yalikuwa basi gramu 500, na kwa kuwa gramu moja ya maji hujaza sentimita moja ya ujazo, ujazo wa kopo ukawa sentimita 500. Akamwaga maji, akalikausha kopo, akalijaza asali. Mizani ikaonyesha gramu 810. Ukiondoa kopo, asali ni gramu 710. Ukigawa 710 kwa 500, unapata 1.42. Hiyo ndiyo densiti: uzito wa kitu, ambao wataalamu huuita tungamo, uliogawanywa kwa ujazo wake. Shaba ya Kilembe, iliyokuwa ikiyeyushwa papo hapo Jinja katika miaka ya 1960, ingalijaza kopo lile kwa kilo nne na nusu hivi!

Kilo 28 zikigawanywa kwa 1.42 ni lita 19.7. Shemeji hakula hata kijiko. Wala hakutia maji, kwani sehemu moja ya maji katika kumi ingaliishusha asali ya kopo lile hadi gramu 689, na tofauti ya gramu 21 mizani ya duka huiona. Kwa maziwa hila hiyo haifichuki hivyo: kopo la maziwa safi ni gramu 515 hivi, na likitiwa maji kiasi hicho hupungua gramu moja na nusu tu. Hapo hutakiwa kipimo cha wakaguzi kinachoelea katika maziwa.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akashtuka kwa jambo jingine. Alikuwa amekusudia kuuza kila lita kwa bei ya kilo! Angalipokea fedha za kilo 19.7 kwa mali ya kilo 28, na mwizi wa zile nane angalikuwa yeye mwenyewe. Akachukua chaki, akafuta bei aliyoiandika mlangoni, akamwita binti yake arudi na kopo.