Migingo Sokoni Runyenjes

Mwaka wa 2009, bendera ya Uganda ilipokuwa ikipepea Migingo, kisiwa kisichofika hata ekari moja katika Ziwa Viktoria, soko la Runyenjes liligeuka baraza la vita. Wengi walimlaumu Rais Kibaki: mbona hatumi jeshi? Waliwasifu vijana wa Kibera walioing'oa reli iendayo Uganda. Mama mmoja muuza ndizi, ambaye mwanawe alikuwa askari, alisikiliza, kisha akauliza, "Nani kati yenu atamtanguliza wake?" Pakawa kimya. Serikali hizo mbili zilichagua wapimaji wa mpaka badala ya mizinga. Wapo waliouita uamuzi huo uoga. Mama yule hakubishana nao. Disemba mwanawe alikuja likizo, wakachuma kahawa pamoja.