Kutoka Discovery hadi Prado: riviu ya mtu asiye na gari

Swali ninaloulizwa kila wiki ni lile lile: "Buda, hata baiskeli huna, unariviu gari za mamilioni kwa leseni gani?"

Jibu langu ni fupi. Kwa leseni ya siti ya nyuma. Tangu niache chuo nikiwa mwaka wa pili, kazi yangu ya mchana imekuwa kumsaidia anko wangu hapa Lodwar. Anko ana gari moja ya kukodisha na anaiendesha mwenyewe. Mimi ndiye naosha, napakia mizigo, nabadilisha tairi, napiga simu za wateja na nikipata nafasi nashuti video. Kwa miaka minne gari hiyo ilikuwa Land Rover Discovery 4. Mwaka 2024 akaiuza, akachukua deni la sacco, akanunua Toyota Land Cruiser Prado 150, TX, imetoka Japani. Barabara ni zile zile: Lodwar kwenda Kakuma na Kalobeyei, Lodwar kwenda Eliye Springs ziwani, na ile ndefu ya kushuka Lokichar, Kainuk, Marich hadi Kitale. Abiria ni wale wale. Kilichobadilika ni gari tu. Kama hiyo si riviu ya haki, sijui riviu ni nini.

Riviu nyingi mnazotazama zimeshutiwa Dubai ama Nairobi pale Westlands. Jamaa anaingia, anafinya siti ya masaji, anaimba kuhusu spika kumi na ngapi, anatoka. Hakuna anayekwambia vile gari inaishi na watu. Nawoitorong, saa nane mchana, jua likiwa limevuka digrii 35, mambo ni mengine. Wacha nianze na kitu kimoja cha kuchekesha: Discovery yetu ilikuwa na siti za kupashwa moto. Miaka minne, hakuna mtu aliyewahi kubonyeza ile swichi kwa kutaka. Siti ilikuwa inapashwa moto na Mungu mwenyewe.

Siti na AC

Discovery ilikuwa na ngozi nyeusi. Kwa picha inakaa poa sana. Kwa mapaja ya mtu aliyevaa kaptula ni stori nyingine, kwa hivyo tulikuwa tunatandika shuka. Prado yetu ya TX ina siti za kitambaa. Zinashika vumbi, na kutoa maziwa yaliyomwagika ni kazi ya nusu siku, lakini ukikaa hauruki. Upande wa AC, zote mbili zina matundu ya hewa hadi nyuma, na hapo wanatoka sare. Cha maana ni kuwasha injini dakika tano kabla mteja hajaingia, na dizeli ya hizo dakika tano huwa kwa hesabu ya anko, haiwekwi kwa risiti ya mteja.

Discovery ilikuwa na kisanduku baridi katikati ya siti za mbele, chupa nne zinaingia. Hiyo nimeimiss kabisa. Prado yetu haina. Tumerudi kwa teknolojia ya nyumbani: jerikeni limeshonewa gunia, gunia linalowekwa maji, upepo unafanya kazi iliyobaki. Wageni wanaipiga picha kuliko walivyowahi kupiga ile friji.

Mlango wa nyuma

Hii hakuna mtu huiongelea, na mimi naona ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Mlango wa Discovery 4 umegawanywa mara mbili. Nusu ya juu inapanda, nusu ya chini inashuka inakuwa benchi. Sasa fikiria mmesimama Lokichar, hakuna mti karibu, watu watano wana njaa. Nusu ya juu ni kivuli, nusu ya chini ni meza. Mimi video zangu nyingi nilizikata nikiwa nimekaa pale, laptop magotini. Prado mlango wake wa nyuma unafunguka kando kama mlango wa nyumba. Hauna kivuli, na boda akiegesha nyuma yako, haufunguki mpaka umtafute mwenye boda. Kuna kioo kinachofunguka peke yake, hicho ni cha kurushia mkoba, si cha kupikia chai.

Kuongea na gari

Gari za kutoka Japani mnazijua. Ukiwasha, mwanamke anakusalimia kwa Kijapani. Anakuambia kitu kuhusu kadi ya kulipia barabara, barabara ambayo iko kilomita elfu nyingi kutoka hapa. Nyanya yangu siku ya kwanza aliuliza huyo mama amekaa wapi, na tangu siku hiyo akiingia anamjibu, "Ejok," kisha anafunga mkanda. Redio nayo ilikuja na mawimbi ya Japani, ambayo yanaishia chini sana, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Fundi alituwekea kifaa kidogo cha kubadilisha mawimbi. Discovery yetu ilikuja ikisema Kiingereza, na redio ilishika toka siku ya kwanza.

Breki ya mkono: Discovery ni kitufe, Prado ni mkono wa kuvuta. Unaweza kusema kitufe ndio kisasa. Anko anasema mkono unaona kwa macho kama umevutwa. Mimi hapo niko na anko.

Pancha

Huku adui wetu ni mathenge. Ule mti uliletwa kuzuia jangwa, leo umejaa kando ya barabara na kwenye malaga, na mwiba wake unaingia tairi kama msumari. Zote mbili, Discovery na hii Prado ya Japani, spea yake imeninginia chini ya gari. Kwenye lami ni dakika chache. Kwenye mchanga wa laga ni kulala chini na kuchimba kwa mikono. Mkiona Prado nyingi za serikali, hizo spea iko mlangoni nyuma, na nawaonea wivu. Sisi tumefunga spea ya pili juu ya paa na tunatembea na ubao wa kuweka chini ya jeki ili isizame. Ubao huo haumo kwenye kitabu cha gari yoyote, lakini usiuache nyumbani.

Kupanda na kushuka

Discovery yetu ilikuwa na mfumo wa hewa badala ya springi. Unabonyeza kitufe, gari inachuchumaa karibu sentimita 5, mtu anapanda. Wewe na mimi hatuhitaji hizo sentimita. Nyanya anazihitaji. Mama aliyetoka kujifungua anazihitaji. Prado haichuchumai. Tunabeba kreti ya soda, tunaigeuza, tunashika mkono.

Halafu siti za safu ya tatu. Kwa Discovery, mtu mzima anakaa nyuma kabisa na magoti yake yanapata mahali. Kwa Prado, nyuma ni ya watoto, ama ya mtu mnayetaka asikuje tena. Na ukilaza siti za Discovery, sakafu inakuwa sawa kabisa, godoro linalala. Prado ukilaza, kunabaki mgongo, unajaza na mablanketi.

Sasa utaniuliza: kama hiyo Discovery ilikuwa tamu hivyo, mbona iliuzwa?

Hapo ndipo riviu za Dubai huwaacha mkono. Discovery 4 iliacha kutengenezwa 2016. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo hakuna nyingine mpya kwako inayoingia bandarini. Zilizopo ndizo hizo, zinazeeka pamoja. Prado 150 ilitengenezwa tangu 2009 hadi 2023, bado zinashuka Mombasa, na Kitale ama Eldoret huwezi kukosa duka lenye chujio lake, breki zake, bushi zake. Fundi wa Lodwar aliyejifunzia kazi kwenye Land Cruiser za mashirika anaifungua Prado akiongea na simu. Anko aliangalia hiyo hesabu, akaangalia gari ikiwa bado nzima na bado ina bei, akaiuza. Hakuuza kwa sababu imemsumbua. Aliuza kabla bei haijashuka.

Kuna kitu kingine. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa mashirika wanaokuja Kakuma. Kambi imekuwepo tangu 1992, na kwa muda huo wote picha ya "gari ya kazi" huku ni moja: Land Cruiser nyeupe. Mteja akisikia Land Cruiser anasema sawa kabla hujamaliza bei.

Halafu ikaja 2025. Januari Marekani ikasimamisha misaada yake, chakula cha wakimbizi kikakatwa, Machi watu wakaandamana Kakuma. Nyinyi mliona kwa simu. Sisi tuliona kwa simu pia, lakini ile nyingine, ile ya wateja. Iliacha kulia. Kulikuwa na wiki Prado ilitoka nje mara moja tu, kwenda kuoshwa. Deni la sacco halijui mambo ya Washington. Dada yangu mdogo yuko kidato cha tatu, na karo yake hutoka kwa hiyo gari. Mimi najua vile inakaa mtu akikuambia urudi ukiwa na pesa. Sikutaka aijue.

Kwa hivyo tukakaa, anko, mama, nyanya na mimi. Kulikuwa na mnunuzi. Swali lilikuwa moja: tuuze Prado, tushuke kwa Probox, deni liishe? Na kwa mara ya kwanza mtu alitaka kusikia riviu yangu bila mimi kumlazimisha.

Nilisema hivi. Wateja wa mashirika wamepungua, lakini watu hawajaacha kusafiri. Kuna familia zinapeleka mgonjwa Eldoret na haziwezi kumkalisha kwenye matatu saa nane nzima. Kuna mtu ametoka kufanyiwa upasuaji na anarudi Kakuma. Kuna harusi, kuna matanga. Hao hawaulizi skrini ni inchi ngapi. Wanauliza mgonjwa atalala wapi, na kama mama yake ataingia pia. Kwa kazi hiyo, nikasema ukweli, Discovery ingekuwa gari bora kuliko Prado. Lakini haiko. Probox iko, na inafika Kakuma vizuri tu, lakini mgonjwa ndani yake anakunjwa kama nguo. Prado na mablanketi yake inamfikisha akiwa amelala.

Anko alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana, gari ya starehe ni ile ukiiuza Jumatatu, Jumanne deni limeisha. Hii bado ni hiyo. Tuijaribu hadi Desemba."

Tukatengeneza bei mbili: ya ofisi, na ya mgonjwa. Ya mgonjwa ni dizeli na kitu kidogo juu. Sitawadanganya kwamba tumetajirika. Kuna miezi sacco wanapata, sisi tunakula githeri. Lakini dada yuko darasani.

Nimewaza sana kuhusu hilo neno, gari ya kifahari. Kwenye hii barabara unapita watu wanatembea na jerikeni kichwani, kioo chako kimepandishwa, ndani ni baridi. Huwezi kufanya riviu ya kile kioo ukamwacha aliye upande wa pili. Sisemi mjisikie vibaya mkipenda gari. Mimi nazipenda, nikisikia dizeli ya Prado ikiamka asubuhi nafurahi kama mtoto. Nasema tu ukiniuliza ni kipi bora kati ya mbili, nitakuuliza kwanza nani anapanda.

Kwa hivyo haya hapa maamuzi yangu, msije mkasema nimekwepa. Kama una pesa, fundi wako yuko Nairobi na nyumbani mna wazee wa kubeba, tafuta Discovery 4 iliyotunzwa, ule kivuli cha mlango wa nyuma. Kama unaishi mahali spea inakuja kwa basi na gari ndiyo inalipa karo, chukua Prado, na utafute fundi wa redio mapema. Kama una pesa ya Probox, nunua Probox, usimsikilize mtu wa mtandao, hata mimi.

Kesho saa kumi alfajiri tunaelekea Kitale. Nyanya anakuja kuona macho, na kuna mtoto wa jirani kwenye safu ya tatu, magoti yake bado mafupi. Mablanketi nimeshapanga, maji yako kwenye gunia. Kreti ya soda iko mlangoni.