Sufuria Iliyoanguka Kithimani

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, nikiamini kama wenzangu wengi katika chama chetu kwamba hakuna neno lisilotafsirika kwa Kiswahili, mama alipoangusha sufuria jikoni kwetu Kithimani. Ilikuwa likizo ya Desemba, mwaka 2004. Sufuria yenyewe ilikuwa ile kubwa ya kupikia isyo. Ilibingirika sakafuni kwa kishindo, kuku wakatawanyika, mbwa akabweka. Mpwa wangu wa miezi saba, aliyelala mkekani hatua mbili tu kutoka hapo, hakupepesa hata ukope. Mama akanitazama, nami nikamtazama. Dada yangu alikuwa ameenda kuteka maji, na sote wawili tuliomba kimoyomoyo achelewe kurudi.

Kwa Kikamba, kithima ni kisima. Watu waliopita na waliokita makao katika kijiji chetu, kando ya barabara iendayo Garissa, walifuata maji, na penye maji hapakosi maneno. Haukupita muda kabla ya maneno hayo kumfikia dada. Wapo waliosema amerogwa. Wapo waliosema alimcheka kiziwi alipokuwa mjamzito. Nakiri, mpenzi msomaji, kwamba mimi niliyekuwa nikiandika insha ndefu kuhusu ushirikina katika riwaya sikupata hata sentensi moja ya kumtetea.

Daktari mmoja ndiye aliyetupa neno. Aliuliza mtoto alivyozaliwa. Dada akasimulia: alikuwa mdogo mno, macho yalikuwa ya manjano kwa wiki kadhaa, na mwilini alikuwa na vidoadoa vyekundu ambavyo sisi tuliviita vya joto. Daktari akatikisa kichwa, akaandika kwenye karatasi neno refu ajabu. Nililisoma mara tatu: sitomegalovirusi.

Usiku ule nililipasua kama mwanaisimu. Mzizi mmoja wa Kigiriki unahusu seli, mwingine ukubwa, na lile la mwisho ni la Kilatini, maana yake sumu. Nikapendekeza ‘kirusi kikuzaseli’, kisha nikacheka peke yangu, kwa kuwa Kirusi ni lugha ya Urusi. (Mjadala wa kama tuseme kirusi au virusi katika umoja nawaachia walimu wangu, ambao hawajaafikiana hadi leo.) Baadaye nilisoma kwamba neno lenyewe lilipendekezwa mwaka 1960 na Thomas Weller, na kwamba seli zilizovimba kwa maradhi haya, zikitazamwa kwa hadubini, hufanana na jicho la bundi. Sikumwambia mama habari ya bundi. Kwetu ndege huyo ana kesi za kutosha.

Lakini dada hakutaka tafsiri. Alitaka kujua alikosa wapi. Kirusi hiki ni cha ukoo mmoja na kile cha tetekuwanga. Huenea kwa mate, mkojo, maziwa ya mama na majimaji mengine ya mwili, na kikishaingia mwilini hakitoki maisha yote, hulala tu. Mtu mwenye afya aghalabu hajui kama anacho. Hatari yake huonekana kwa wanyonge: mgonjwa wa UKIMWI ambaye kinga yake imeporomoka kinaweza kumpofusha, aliyepandikizwa figo kinaweza kumwangusha, na mtoto aliye tumboni kinaweza kumnyima usikivu. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba mtoto 1 kati ya 200 huzaliwa nacho, na 1 kati ya 5 wa hao hupata madhara ya kudumu.

“Kwa hiyo ni ule uji,” dada alisema. Alikuwa na mazoea ya kumalizia uji uliobaki katika kikombe cha kifunguamimba wake. Ni mama gani wa kwetu asiyefanya hivyo? Nilichukua miaka kupata jibu: katika nchi kama yetu karibu kila mtu hukipata kirusi hiki utotoni, na mara nyingi mtoto wa tumboni huambukizwa na kile kilichoamka upya mwilini mwa mama, au na aina nyingine yake iliyoingia. Dada hakuwa na njia ya kujua. Isitoshe, hatukuwa na hakika kwamba ndicho. Vipimo vya mate au mkojo hutoa jibu la kutegemewa katika wiki 3 za mwanzo tu. Baadaye haijulikani kama mtoto alizaliwa nacho au alikinyonya katika maziwa. Sisi tulifika na mtoto wa miezi minane.

Mpwa wangu alisoma katika shule ya viziwi, akarudi na lugha ambayo mimi, mtu wa lugha, sikuijua. Katiba ya mwaka 2010 iliiweka Lugha ya Ishara ya Kenya bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge, ilhali nyumbani kwetu ni mama tu, ambaye hakusoma, aliyeimudu vyema.

Mwaka jana mpwa wangu alikuwa mjamzito. Aliniuliza kwa mikono, polepole ili nisikose neno: “Mjomba, wangu atasikia?” Nilimjibu kwamba uziwi wa kirusi hiki haurithiwi kwa damu kama rangi ya macho. Nilimwambia pia kwamba hakuna chanjo iliyoidhinishwa bado, ila wapo watoto wenye dalili wanaosaidiwa na dawa ikianzishwa mwezi wa kwanza. Tulikubaliana kudai kipimo mapema. Zahanati ya kwanza haikuwa nacho, wala ya pili. Sampuli ya mate ilisafiri hadi Nairobi mtoto akiwa na siku kumi na moja, na majibu yakasema hana.

Mama hakuyangoja majibu hayo. Aliishika sufuria, ileile, akaigonga kwa mwiko. Mtoto alishtuka, akalia. Mpwa wangu hakuisikia sufuria wala kilio. Aliona tu vidole vya mwanawe vikikunjuka ghafla, akaanza kucheka, akamwashiria mama agonge tena.