Chicago, Mji wa Mke Wangu

Ukioa Chicago, umeoa na timu ya besiboli. Mke wangu ni Cubs damu damu. Marehemu baba yake alikufa akiusubiri ubingwa, maana wa mwisho ulikuwa wa 1908! Fainali ya 2016, Cleveland wakatangulia kwa mechi 3-1. Nikasema, “Mpenzi, tukalale tu.” Alininunia siku mbili.

Cubs wakasawazisha. Mechi ya saba, Novemba 2, tulibanana baa. Kule Cleveland mvua ikasimamisha mchezo dakika 17. Baa kimya! Tukashinda 8-7.

Kesho yake, kuta za matofali za Wrigley Field zilijaa majina ya marehemu, kwa chaki. Akaandika la baba yake. Jamani, aliyelia ni mimi niliyetaka kulala.