Alasiri Mbili za Ahmedabad

Nilifika Ahmedabad, India, mwaka 1994 kusoma, nikitoka Tanga, ambako magharibi haiendi mbali na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Ahmedabad, Juni jua lilizama karibu na saa moja na nusu usiku. Mwishoni mwa Novemba, kabla ya saa kumi na mbili. Hayo niliyazoea upesi. Alasiri ndiyo iliyonisumbua.

Sisi watu wa pwani ni Mashafii: kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukiacha kile cha adhuhuri, alasiri imeingia. Wenyeji niliosali nao ni Mahanafi, nao hungoja kivuli kifike mara mbili. Basi nikawa nasali peke yangu pembeni na kuondoka kabla jamaa haijakusanyika. Ugeni wa msikitini uliniuma kuliko upweke wa bweni.

Siku moja, katika Msikiti wa Sidi Saiyyed pale Lal Darwaja, mzee mmoja aliniita “beta”, yaani mwanangu, akanikalisha kando yake. Aliyeujenga, akaniambia, alikuwa Mhabeshi, Mwafrika kama wewe. Msikiti ule ni wa 1572 hadi 1573, miaka ileile Akbar alipoiteka Gujarat. Kisha akanielekeza macho juu, kwenye ukuta wa kibla. Madirisha yake ni jiwe lililochongwa likawa kama kimia: mtende umesimama, na matawi ya mti mwingine yamejisokota kuuzunguka, membamba hata unahofia upepo. Jua la mchana likipita humo, mti mzima hulala sakafuni kwa mwanga, na kadiri jua linavyoshuka ndivyo unavyosogea kuja kwa wanaosali. Nikazoea kukaa nikiutazama ukitambaa juu ya mkeka. Sikuondoka tena mapema, nilingoja jamaa.

Nilirudi 2018, mwaka mmoja baada ya UNESCO kuuingiza mji mkongwe katika Urithi wa Dunia. Misikiti kadhaa niliyopita ilikuwa na tarakimu nyekundu za umeme zikionyesha nyakati za sala, mahali pa zile saa za kuchora, ambazo mishale yake ilisogezwa kwa kidole. Nami nilikuwa na programu ya simu ya nyakati hizo, niliyoichagulia “Shafii” kwa kubofya mara moja tu.

Ikaadhini mfukoni nikiwa Sidi Saiyyed. Niliizima haraka. Mzee yule hakuwepo tena. Nilikaa palepale pake, mti wa mwanga ukiwa bado mbali na magoti yangu, nikangoja.