Nilifundisha theluji Tabora

Nilifundisha Kifaransa vibaya, hapa hapa Tabora. Niliona sarufi peke yake inawachosha vijana, nikaamua kuwafundisha kwa sikukuu: Januari keki ya Epifania, ambayo anayekuta kitu kilichofichwa ndani huvishwa taji, 2 Februari chapati za maji, 14 Julai gwaride la Paris, Desemba theluji. Chapati tulizipika kweli, tukazila kwa asali yetu ya miombo, na siku hiyo hata wale wakimya walizungumza. Sikujiuliza kwa nini. Nikarudi kwenye theluji.

Kabla ya mtihani wa kidato cha pili niliwaambia waandike kuhusu sikukuu ya Desemba. Msichana mmoja, mwenye ndugu Lubumbashi, aliandika juu ya 20 Desemba huko Bunkeya, Kongo. Nilimkata kwa kalamu nyekundu: nje ya mada.

Alinifuata ofisini na daftari lake. "Samahani, mwalimu, hawa ni watu wa huku."

Nikasoma upya, safari hii kwa makini. Msiri alitoka huku Unyamwezi, akaifuata shaba hadi Katanga, akajenga ufalme wake Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold. Wayeke, watu wa Msiri, huiadhimisha siku hiyo kila mwaka, katika nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kifaransa. Historia hiyo niliijua. Sikuwahi kuiingiza darasani. Na Kifaransa cha binti yule, chini ya wino wangu mwekundu, kilikuwa bora kuliko cha wenzake wote, kwa sababu alikuwa na jambo la kusema.

Nilimwomba radhi, nikamrudishia alama. Alipofika kidato cha tatu hakuchagua Kifaransa. Wenzake wengi pia waliliacha somo.

Ulyankulu, walikopokelewa wakimbizi wa Burundi wa 1972, wapo wazee waliosoma kwa Kifaransa. Miaka yote hiyo sikumwalika hata mmoja.

Sasa naanza na Bunkeya, kisha 1 Julai, siku Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962. Chapati za Februari bado tunazipika, ila baadaye. Mwalimu mwenzangu wa Kigoma au Ngara, kabla hujafungua kitabu kilichochapishwa Paris, waulize wanafunzi wako nani ana ndugu ng'ambo ya mpaka, na huko wanasherehekea nini.