Barua kutoka London: Msifunge Kundi Mapema

Ndugu zangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe,

Kuna ujumbe wa kundi la michango unaoniudhi kila unapoingia simuni: "Mgonjwa ameruhusiwa, bili imelipwa, ahsanteni, kundi linafungwa." Jamani, mnafunga kundi siku ile ile kazi inapoanza! Aliyepigwa na kiharusi akarudishwa Mtongwe upande mmoja umelala, lazima ageuzwe kila baada ya saa chache asifanye vidonda. Anahitaji nepi, dawa za presha na wa kumnyanyua. Siku ya kliniki ni tuktuk hadi feri, kuvushwa na kiti cha magurudumu, kisha tuktuk nyingine hadi hospitali ya Makadara. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyoshika nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipa hospitali. Haimlipi binti aliyefunga genge lake la mboga ili amwogeshe mama.

Wala msidhani huku ni peponi. Matibabu ya hospitali ni bure, matunzo ya baadaye yana hesabu zake. Hapa England, mgonjwa aweza kupata wasaidizi wa kumrudishia nguvu bila malipo, kwa kawaida hadi wiki 6. Zikiisha, halmashauri hupima mahitaji yake, kisha mfuko wake: mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 kwa kawaida hujilipia yote. Akihamia makao ya wazee kabisa, hata nyumba yake yaweza kuhesabiwa, ila kama mwenzi wake angali anaishi humo. Scotland waliona hilo ni zito, na tangu 2002 wazee wa miaka 65 na zaidi hawalipii kuogeshwa wala kuvishwa. Watu hunung'unika sana, na wana haki. Lakini angalau huku huulizwa: nani atamtunza? Kwetu swali ni moja tu: nani atalipa bili?

Mtanijibu kwamba sisi hatuuzi huruma, kulea mzazi ni kutafuta radhi. Naam, na mila hiyo naiheshimu kuliko makao yoyote ya wazee. Ila mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Radhi tunazitaka watoto wote, na anayekesha ni mmoja, mara nyingi yule binti asiye na mshahara. Kumpa posho ni kubeba naye. Mkisema pesa hakuna, mbona mzee akifa matenti, mabasi na sufuria za pilau hupatikana kwa siku moja? Tunachangia kitanda cha hospitali na tunachangia kaburi. Katikati hapo tunamwachia Mungu na binti mmoja.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kutoka wodini, muuguzi awaonyeshe namna ya kumgeuza, na mtaalamu wa viungo awafundishe mazoezi. Dawa na tarehe ya kliniki ziandikwe. Pigeni hesabu ya miezi 3 ya nepi, nauli na posho, mchangishe pamoja na bili. Mhudumu wa afya wa mtaani ajulishwe. Pangeni zamu za usiku, na anayetunza apate siku yake ya kupumzika. Nasi wa ughaibuni tutume kidogo kila mwezi, kuliko fungu moja la kutajwa jina kundini. Huko kuuliza "mgonjwa anaendeleaje?" kuambatane na swali la pili: "na wewe unayemtunza, jana ulilala?"

Ndugu yenu, London.